Ndoo ya klorini: kisa kimoja cha eko ya umio katika kazualti ya Nairobi

Mama aliletwa saa 5:20 usiku kwa teksi, kichwa kimeegemea bega la mwanawe, miguu peku. Umri miaka 44, muuza mitumba Gikomba, uzito tuliukadiria kilo 110 hivi. Siku kumi na mbili kabla ya hapo alikuwa ametolewa uvimbe wa kizazi katika hospitali nyingine. Mlangoni alisema neno moja tu, "pumzi", na kabla hatujamfikisha kitandani akalegea. Sista wa zamu akaweka vidole shingoni, akatikisa kichwa, akapanda kistuli na kuanza kukandamiza kifua. Ilikuwa saa 5:26.

Naandika kwa idhini ya familia, na maelezo machache nimeyabadilisha ili mgonjwa asitambulike. Usiku huo ndipo kazualti yetu ilipotumia kwa mara ya kwanza eko ya umio, yaani ultrasaundi ya moyo inayopitishwa kooni, kwa mgonjwa ambaye moyo wake umesimama. Wenzangu wa hospitali nyingine wakisikia habari hii huuliza mambo mawili: mashine ni bei gani, na nani aliwafundisha. Nitayajibu. Lakini kilichokuja kutukwamisha kilikuwa pembeni kabisa, chini ya sinki.

Tuanze na mgonjwa. Skrini ilionyesha umeme wa moyo unaotembea, taratibu lakini kwa mpangilio, huku shingoni hakuna mpigo. Hali hiyo haiponi kwa kupigwa shoti. Inataka utafute chanzo chake na ukiondoe, na wakati ni mchache. Damu nyingi imepotea? Maji yamejaa kwenye mfuko wa moyo? Hewa imebana pafu? Donge la damu limeziba mshipa wa mapafu? Kwa mwanamke aliyetoka kupasuliwa juzi, na shavu la mguu wa kushoto limevimba kuliko la kulia, kila mmoja wetu alikuwa anawaza donge. Kuwaza ni jambo moja. Kumpa dawa ya kuyeyusha damu mtu ambaye kidonda chake tumboni hakijamaliza wiki mbili ni jambo jingine.

Tukajaribu ultrasaundi ya kawaida, ile ya kuweka kifuani. Tunaitumia kila siku na tunaipenda. Lakini kwa mama huyu, kati ya mafuta, hewa ya mapafu na mikono ya anayekandamiza, tuliona ukungu mtupu. Mbaya zaidi, sista aliyeshika saa alikuwa anahesabu kwa sauti. Mapumziko ya kupima mpigo hayatakiwi kuzidi sekunde 10. Mimi nilikuwa bado natafuta pembe aliposema, "Kumi na saba, Daktari." Sekunde kumi na saba ambazo ubongo haukupata chochote, na sikupata picha.

Na sikuwa na mkosi wa kipekee. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulilinganisha mapumziko hayo: kwa kupima mpigo kwa vidole yalikuwa sekunde 11 kwa wastani, kwa ultrasaundi ya kifuani 19, na kwa eko ya umio 9. Sababu yake ni rahisi. Umio unapita nyuma ya moyo, umegusana na chumba cha juu cha kushoto, na hapo katikati hakuna mbavu, hakuna pafu, hakuna mafuta. Ukishakipitisha kifaa, picha ipo muda wote, hata mikono ikiendelea kukandamiza. Huhitaji kumwambia mtu asimame ili uone.

Kifaa chenyewe, ambacho sisi tunakiita probu, kinafanana na mrija wa endoskopi usio na kamera. Urefu wake ni kama mita moja, unene kama kidole kidogo cha mtu mzima, na kwenye ncha kuna fuwele zinazotoa mawimbi ya sauti. Unazungusha pembe ya picha kutoka nyuzi 0 hadi 180 kwa kitufe, na kuna magurudumu mawili kwenye mpini ya kupindisha ncha. Si kitu kipya. Madaktari wa Chicago waliripoti jaribio la kwanza mwaka 1976, na kufikia miaka ya 1980 wataalamu wa nusukaputi walikuwa wakiitumia chumba cha upasuaji. Kazualti ndiyo iliyochelewa. Ripoti za mwanzo za kuitumia kwa moyo uliosimama katika idara ya dharura ni za mwaka 2008, na mwongozo wa chuo cha madaktari wa dharura cha Marekani ukatoka 2017. Mwongozo huo unataka daktari awe amefanya vipimo visivyopungua 10 chini ya uangalizi, kwa wagonjwa na kwa sanamu ya mafunzo. Mimi nilikuwa nimefanya kumi na vinne, vingi vikiwa kwenye chumba cha upasuaji, nimesimama nyuma ya mtaalamu wa nusukaputi ambaye hana subira na watu wanaosukuma kwa nguvu. Namshukuru kwa hilo.

Probu yetu ilikuwa imekaa kabatini wiki sita. Haikuwa mpya; ilitoka idara ya moyo walipopata nyingine. Bei ya mpya inafika shilingi milioni kadhaa, kwa hiyo nisijifanye kwamba tulifanya uamuzi wa ujasiri wa kununua. Tulipewa.

Saa 5:37 mrija wa pumzi ukawa umeingia. Hapo nikatoka nje ya pazia kumtafuta yule kijana, mwana wa mgonjwa. Naieleza sehemu hii kwa sababu miongozo ya nje huigusa kwa mstari mmoja tu, na kwetu inastahili ukurasa. Probu haipitishwi kwenye umio wenye kidonda, uliosinyaa, wenye uvimbe au wenye mishipa iliyovimba. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazowaua Wakenya wengi, na magharibi mwa Bonde la Ufa madaktari huiona hata kwa vijana. Kuna kichocho cha tumbo na maradhi ya ini yanayovimbisha mishipa ya umio. Kuna watu waliowahi kunywa sumu au dawa ya kufulia na umio ukabaki mwembamba kama uzi. Mgonjwa amezimia, hawezi kukuambia lolote. Unamuuliza anayempikia.

Nilimkuta amekaa sakafuni, simu mkononi, anazungumza na shangazi yake.

"Kijana, nisikilize. Mama anakula ugali vizuri?"

Aliniangalia kana kwamba nimepagawa. "Ugali?"

"Anameza bila shida? Chakula hakikwami hapa? Hajawahi kutapika damu?"

"Anakula, Daktari. Anakula kuliko mimi."

Nikarudi ndani. Swali lile lilichukua muda mfupi kuliko kufungua kabati, na sasa limeandikwa juu ya fomu yetu kwa maneno hayo hayo, ugali na vyote. Mfanyakazi mmoja wa utawala alitaka tuandike "historia ya ugumu wa kumeza". Tulikataa. Saa sita usiku mtu aliyechanganyikiwa hujibu swali la ugali.

Probu iliingia saa 5:41, nikiwa nimeinua taya kwa laringoskopu, kifaa cha kufungulia koo, na kuweka kizuizi cha meno. Sentimita 33 kutoka kwenye meno, nyuzi 0, na vyumba vinne vya moyo vikajitokeza kwenye skrini waziwazi hadi mwanagenzi wetu akasema "ah!" kwa sauti.

Tuliona mambo matatu, na thamani yake si sawa. La kwanza: chumba cha chini cha kulia kilikuwa kimevimba, kimekibana cha kushoto. Kitabuni hiyo ni dalili ya donge la mapafu, na daktari mwenye haraka angeishia hapo. Lakini moyo uliosimama kwa dakika kadhaa huvimba upande wa kulia hata pasipo donge, kwa sababu damu hujaa huko bila kusukumwa mbele. Kwa dalili ile peke yake nisingetoa dawa kwa mtu mwenye kidonda cha siku kumi na mbili.

La pili lilikuwa ndani ya chumba cha juu cha kulia. Nilizungusha pembe hadi karibu nyuzi 100, mahali mishipa miwili mikuu ya damu inapoingilia, na pale palikuwa na kitu kirefu, cha kijivu, kinajikunja na kujikunjua kila kifua kikikandamizwa. Kama mnyoo. Lile ni donge lililotoka mguuni na bado liko safarini. Hakuna aliyehitaji kueleza.

La tatu hatukulitafuta. Nilipogeuza picha kwenda nyuzi 120 hivi, ambapo unaona njia ya damu kutoka chumba cha kushoto kwenda kwenye aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, niliona kwamba kila sista akikandamiza, kilichobanwa ni njia yenyewe. Mikono ilikuwa mahali ambapo sote tumefundishwa iwe, katikati ya kifua, na kwa mama huyu mahali hapo palikuwa juu ya mlango wa kutokea. Alikuwa anasukuma maji huku amekanyaga paipu. Nikamwambia ashuke vidole viwili na kwenda kushoto kidogo. Kipimo cha hewa chafu inayotoka kwenye mrija wa pumzi, ambacho ndicho kinachotuambia kama damu inazunguka, kilipanda kutoka 8 hadi 19 ndani ya dakika mbili. Hakuna dawa iliyokuwa imeongezwa. Ni vidole viwili tu.

Hiyo ya tatu ndiyo ninayoifikiria zaidi, kusema kweli. Donge tungeweza kulikisia. Mikono tusingeijua kamwe.

Tukaomba alteplase, ile dawa ya kuyeyusha damu, miligramu 50 kwa mkupuo. Ilichukua dakika tisa kufika, kwa sababu dawa ya bei ile hufungiwa na hutaka sahihi mbili, na mwenye sahihi ya pili alikuwa ghorofa ya nne. Nimeacha kulalamika kuhusu hilo hadharani, lakini dakika tisa ni dakika tisa. Ilipoingia, tukaendelea kukandamiza kwa zamu, kwa sababu ukishatoa dawa ile hutakiwi kukata tamaa mapema. Miongozo ya Ulaya inazungumzia dakika 60 hadi 90. Kwenye skrini kuta za moyo zilianza kujikaza zenyewe kabla vidole havijahisi chochote shingoni. Saa 6:05 mpigo ukarudi.

Alivuja damu, kama tulivyohofia. Tumboni, kwenye kidonda kile kile. Alipewa chupa tano za damu, na madaktari wa akina mama walikesha naye usiku wa pili. Alitoka hospitali baada ya siku 19, anatembea, ingawa wiki nzima ya tukio imefutika kichwani mwake. Je, ni probu iliyomponya? Siwezi kusema hivyo. Mpaka leo hakuna jaribio la kitabibu lililothibitisha kwamba eko ya umio huongeza idadi ya wanaopona moyo ukisimama, na anayekuambia vinginevyo huenda ana kitu cha kukuuzia. Ninachoweza kusema ni kwamba ilitupa ushahidi wa kutoa dawa ambayo bila ushahidi nisingethubutu kuitoa, na ilihamisha mikono.

Sasa ndoo.

Saa 6:40 nilitoa probu, nikaifuta kwa shashi, nikaiweka kwenye trei. Mgonjwa alikuwa anahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi na lifti ilikuwa imeshikiliwa. Nikamwambia mhudumu wa usiku, mtu makini, amefanya kazi pale miaka mingi kuliko mimi: "Kaka, nisaidie kuosha hii kabla haijakauka." Nikaondoka mbio.

Nilirudi karibu saa 8. Probu ilikuwa ndani ya ndoo ya buluu, yote, mpini na magurudumu yake, vipovu vidogo vinapanda juu kwa mstari. Plagi peke yake ilikuwa imening'inizwa nje kwenye ukingo, imefungwa kwa glavu.

"Hiyo sikutia," akaniambia. "Ile ina umeme, Daktari."

Juu ya ndoo kuna bango. Kazualti nyingi za Kenya zina bango kama hilo: klorini asilimia 0.5, dakika 10. Kwa makasi, kwa koleo, kwa vyombo vya chuma, ndivyo alivyofundishwa. Alifuata maandishi. Alitumia hata akili ya ziada kuiokoa plagi. Aliyekuwa hajui ni mimi, niliyedhani kwamba neno "osha" lina maana moja.

Probu ya umio huoshwa hivi. Unaifuta papo hapo kwa sabuni ya vimeng'enya, kwa sababu kamasi na damu vikikauka havitoki tena. Unaikagua kwa macho na vidole kama kuna mpasuko au alama ya meno. Unapima kama inavujisha umeme. Kisha unazamisha sehemu ya mrija tu, mpini ukiwa juu, kwenye dawa yake ya kuua vijidudu. Ile tunayotumia, OPA, huchukua dakika 12. Halafu unasuuza mara tatu, kila mara kwa maji mapya ya lita nane hivi, kwa dakika nzima. Usiposuuza vya kutosha, mabaki ya dawa humbabua mgonjwa wa pili mdomoni na kooni. Mwisho unaining'iniza wima kabatini. Hesabu mwenyewe: zaidi ya lita ishirini za maji safi kwa kipimo kimoja, katika jiji ambalo ratiba ya mgao wa maji watu huijua kuliko siku za kuzaliwa za watoto wao.

Mpango wetu kwenye karatasi ulisema "probu itaoshwa na kitengo cha endoskopi". Kitengo cha endoskopi hufungwa saa 11 jioni. Ufunguo huondoka na sista wa zamu ya mchana, naye anaishi Rongai, nje ya jiji. Katika wiki sita za kujiandaa, tuliyajadili mafunzo, fomu, nani aruhusiwe kuipitisha, picha zihifadhiwe wapi. Hakuna aliyeuliza ni nani ataiosha saa saba usiku.

Asubuhi injinia wa mitambo aliipima na akatikisa kichwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye mpini, na kipimo cha kuvuja kwa umeme kilifeli. Kitu hiki hulala sentimita chache nyuma ya moyo wa mtu, hukibahatishi. Kilisafirishwa nje ya nchi kutengenezwa na kikarudi baada ya wiki kumi na moja. Katika wiki hizo nakumbuka wagonjwa wawili ambao ningeitumia.

Kikao cha kuchambua kisa kilikuwa na watu wengi kuliko viti. Daktari wa moyo alirudia hoja yake ya mwanzo, kwamba watu wa dharura wakishika probu watasoma wasichokijua. Ana haki ya kuhofu. Nilimjibu kwamba sisi tunauliza mambo manne tu: moyo unajikaza? Upande wa kulia umeuzidi wa kushoto? Kuna maji kwenye mfuko wa moyo? Mikono inaangukia wapi? Vali na mengineyo tutamwita yeye. Alikubali nusu. Mtu wa fedha aliuliza kipimo kile kitalipwa na nani, na ofisa wa sheria akamkumbusha ibara ya 43(2) ya Katiba, inayosema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mtu wa fedha akasema Katiba haimlipi mtengenezaji. Walicheka, na swali likabaki pale pale.

Wa mwisho kusema alikuwa sista wa endoskopi. Amekuwa akiosha mirija ya aina hii kwa miaka, kila siku, mpaka kumi kwa siku. Alisema neno moja tu, "Hamkuniuliza", akakaa.

Tulimwuliza. Yeye ndiye aliyeandika utaratibu tunaoufuata sasa, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na ndiye aliyewafundisha wahudumu wa usiku, akianza na yule yule mwenye ndoo, ambaye leo ndiye anayetufundisha sisi. Probu haitoki kabatini kabla jina la atakayeiosha halijaandikwa ubaoni, karibu na jina la atakayeipitisha. Jina lisipokuwepo, hatuipitishi. Usiku mmoja tayari tumeiacha kabatini kwa sababu hiyo, na iliniuma, lakini nilikubali. Mpini umezungushiwa utepe mwekundu: maji yasivuke hapa. Na maji yenyewe yapo kwenye mitungi miwili ya lita 20 chini ya sinki, imeandikwa kwa kalamu nene YA PROBU, USIGUSE.

Wiki iliyopita nilikuta mmoja umepungua nusu. Kwenye chumba cha wauguzi sufuria ya chai ilikuwa bado ya moto.